Filamu ya Van Damme na maneno ambayo mfasiri aliyaruka



Likizo iliyopita mvua ilikuwa haikatiki, na watoto walikuwa wamebanana ndani kama maharagwe kwenye sufuria. Kijana mmoja wa jirani akapiga hodi, kompyuta yake ameificha chini ya koti. "Papa," akasema, "niko na filme moja ya zamani zenu. Ya Van Damme." Nikamuuliza ipi, maana Van Damme ana nyingi. Akasema, "Street Fighter." Hapo nikaacha kazi niliyokuwa nayo mkononi, nikavuta kigoda, nikawaambia watoto wasogee, leo papa naye anakaa mbele.

Filamu hiyo nilikuwa nimeiona zaidi ya mara kumi nikiwa mtoto Goma, kati ya 1999 na 2001. Nilijua nani anampiga nani, nani anaruka kutoka wapi, nani anakufa. Nilidhani naijua yote. Kumbe kuna maneno machache pale katikati ambayo sikuwahi kuyasikia, kwa sababu mtu aliyekuwa anatutafsiria aliyaruka. Nimeyasikia sasa, kichwani nina mvi mbili tatu, na mama yangu amekaa nyuma yangu kitandani. Ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia mwezi huu.

Vijana wa leo hawaijui filamu hii, kwa hiyo nianze nayo. Ilitokana na mchezo wa vidio wa kampuni ya Capcom ya Japani. Toleo la pili la mchezo huo, la mwaka 1991, ndilo lililoenea duniani: wewe unachagua mpiganaji wako, mwenzako anachagua wake, mnapigana mpaka mmoja aanguke. Hadithi karibu hakuna. Basi Wamarekani wakawachukua wapiganaji wale wote, wakawatungia hadithi. Aliyeiandika na kuiongoza ni Steven de Souza, mmoja wa waandishi wa Commando ya Schwarzenegger na Die Hard ya Bruce Willis. Walikwenda kupiga picha Thailand na Australia. Ikatoka Marekani tarehe 23 Desemba 1994.

Nchi ya hadithi inaitwa Shadaloo. Kuna vita. Mtu mmoja aitwaye Bison, aliyejipa mwenyewe cheo cha jenerali, amewateka wafanyakazi 63 wa misaada, na anadai dola bilioni 20 ndani ya siku tatu, la sivyo atawaua. Upande wa pili kuna jeshi la mataifa mengi, bereti zao za bluu. Kamanda wao ni Kanali Guile, na huyo ndiye Van Damme. Karibu na mwisho anakuja bwana mkubwa mwenye suti kumwambia Guile kwamba mataifa yameamua kulipa, askari warudi kambini. Guile anakataa, anapanda juu ya mashua, anawauliza askari wake nani anataka kurudi nyumbani na nani anataka kwenda naye.

Sisi watoto wa Goma hatukuhitaji kufafanuliwa. Jenerali aliyejipa cheo, magari ya misaada, wakubwa wenye suti wanaokuja kusema vita vimekwisha na bado risasi zinalia: hayo yalikuwa mambo ya mtaani kwetu. Kilichotushangaza ni kitu kimoja tu, Mbelgiji kujifanya Mmarekani mpaka kuchorwa bendera ya Marekani kwenye mkono. Wazee walicheka sana kwa hilo. Walisema, "Babelgiji bote biko vile."

Sasa niwapeleke kwenye sali yetu ya vidio. Ilikuwa nyumba ya mbao, juu mabati, chini mawe meusi ya volkano, si mbali na barabara inayoshuka kwenda Grande Barrière. Wanaotoka Goma wanaijua njia hiyo. Unateremka, ziwa liko upande wako wa kulia, halafu unaona kizuizi, bendera, watu wenye karatasi mkononi, na ng'ambo pale ni Gisenyi na minazi yake na hoteli zake. Usiku ungeweza kuona taa za Gisenyi zinawaka wakati sisi tuko gizani. Wafanyabiashara wadogo wengi walipita kwenye bariyeri ndogo upande wa juu. Grande Barrière ilikuwa ya magari, ya watu wenye pasipoti au karatasi ya CEPGL, ile jumuiya yetu ya nchi tatu iliyoanzishwa palepale Gisenyi mwaka 1976. Lakini mambo yakiharibika, bariyeri zote mbili ni sawa, mtu anapita anapoweza.

Ndani ya sali kulikuwa na televisheni moja, deki moja, na mabenchi. Grupu ya umeme ilikuja kila mchana juu ya chukudu na kurudi jioni vilevile, maana mwenye sali aliogopa kuilaza pale. Mwenye franga alilipa. Asiye na franga alichota maji: bidoni mbili za lita 20 kutoka ziwani, unaona filamu moja. Street Fighter nimeiona kwa maji kila mara, sikumbuki hata siku moja kwa pesa. Mabenchi ya mbele yalikuwa yetu watoto. Ya nyuma yalikuwa ya askari, wao hawakulipa wala kuchota maji. Walikuja na silaha zao, wakaziweka katikati ya magoti, wakacheka kuliko sisi.

Kaseti ile ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa chetu kilikuwa cha darasa la nne. Ndiyo sababu kulikuwa na mfasiri, kijana aliyekaa pembeni ya televisheni na maikrofoni yake. Kazi hiyo wasomaji wengi mnaifahamu. Hapa Rwanda filamu za namna hiyo zinaitwa agasobanuye, na sauti ya marehemu Nkusi Thomas, ambaye watu walimwita Yanga na aliyefariki mwaka 2022, iliingia karibu kila nyumba yenye deki. Uganda watu hao wanaitwa VJ. Tanzania walikuwa na Lufufu wao. Mfasiri mzuri hafuati neno kwa neno. Akiona watu wanasinzia anaongeza pilipili. Akiona mapenzi yanazidi na watoto wako mbele, anaanza kusimulia habari ya kuku wa jirani mpaka yaishe.

Wetu alikuwa fundi kwelikweli. Bison alimpa sauti ya chefu wa mtaa anayedai kodi. Guile alimpa Kilingala cha askari wa Kinshasa. Na Zangief, yule Mrusi mkubwa mwenye ndevu anayemtumikia Bison, alimpa sauti ya mjomba aliyetoka kijijini jana. Kuna mahali Zangief anaona kwenye skrini lori linakuja moja kwa moja kuwagonga, naye badala ya kukimbia anapiga kelele watu wabadilishe chaneli. Hapo mfasiri hakuongeza kitu, hakukuwa na haja.

Pesa nazo! Bison amechapisha noti zenye picha yake mwenyewe, na anatangaza kwamba siku akimteka Malkia wa Uingereza, dola moja ya Bison itakuwa na thamani ya pauni tano. Sali nzima ilikuwa inapiga kelele, "Zaire! Zaire!" Watoto wetu wa leo wasishangae. Mwaka 1992 nchini kwetu ilitoka noti ya zaire milioni tano, noti moja. Mwezi wa kwanza wa 1993 askari wa Kinshasa walilipwa mishahara kwa noti hizo, wafanyabiashara wakazikataa, na askari wakapora mji. Kwa hiyo mwishoni mwa filamu, wakati watu wawili wa Bison wanatoroka na sanduku zito, wanalifungua na kukuta ni pesa za Bison tupu, sisi tulikuwa tunacheka kitu tunachokijua. Vivyo hivyo pale Zangief anapoambiwa na mwenzake Dee Jay kwamba yeye alikuwa akimtumikia Bison kwa sababu ya mshahara mnono. Zangief anashtuka: kumbe wengine mlikuwa mnalipwa? Askari wa mabenchi ya nyuma walikuwa wanajipigapiga mapajani kwa kucheka. Hiyo sehemu waliomba irudishwe kila mara, na mfasiri alirudisha.

Basi hiyo ndiyo filamu niliyoibeba kichwani. Niliibeba tarehe 17 Januari 2002, siku Nyiragongo ilipopasuka na moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na sisi tukakimbilia Grande Barrière pamoja na umati, kila mtu na godoro au mtoto. Tulilala Gisenyi kando ya barabara, tukarudi baada ya siku chache. Sali ilikuwa imesimama bado, ila deki na televisheni vilikuwa vimekwenda, na mfasiri pia sikumuona tena. Niliibeba tena mwaka 2012, tulipovuka mara ya mwisho, tukapelekwa Nkamira, kutoka hapo Kigeme. Mtu akikimbia anachukua anachoweza, na filamu haina uzito.

Turudi kwenye siku ya mvua. Lazima niseme ukweli: filamu yenyewe si nzuri kama nilivyokuwa nawasifia watoto. Watu ni wengi mno, kila mpiganaji wa mchezo ilibidi apewe nafasi, na matokeo yake hakuna anayepata ya kutosha. Ryu na Ken, ambao kwenye mchezo ni vigogo, hapa ni matapeli wadogo wanaomuuzia Sagat bunduki za bandia. Kwa filamu ya mapigano, mapigano yenyewe ni machache. Mtoto wangu wa pili aliuliza mara tatu, "Van Damme atapigana saa ngapi?" Van Damme alikuwa anahutubia.

Lakini kila Bison alipotokea, hakuna mtoto aliyegeuza kichwa. Zamani sikujua kwa nini. Sasa najua, maana nilikuja kusoma habari za mtu aliyemwigiza. Jina lake ni Raul Julia, mzaliwa wa San Juan, Puerto Rico, mwaka 1940. Alikuwa mwigizaji mkubwa wa jukwaani, hakuwa mtu wa filamu za mateke. Alikubali kazi hii kwa sababu watoto wake walikuwa wanaupenda mchezo ule. Wakati wa kupiga picha alikuwa mgonjwa wa kansa, na ukimtazama vizuri unaona uso umekwisha na magwanda yanamzidi mwili. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1994, miezi miwili kabla filamu haijatoka, akiwa na miaka 54. Mwishoni mwa filamu wameandika maneno ya kumuaga.

Mtu huyohuyo, mwaka 1989, alimwigiza Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador, aliyepigwa risasi altareni mwaka 1980 kwa kuwatetea maskini. Na katika mwaka huohuo wa 1994 ilitoka filamu ambayo alimwigiza Chico Mendes, yule mgema mpira wa Brazil aliyeuawa mwaka 1988 kwa kutetea msitu na watu wake. Yaani alikuwa amekwisha kukaa ndani ya ngozi ya watu wanaouawa na kina Bison. Nafikiri ndiyo sababu alijua jenerali wa namna ile anaongeaje.

Na anaongea kwa upole. Hapo ndipo palipo na ile sehemu.

Kuna msichana anaitwa Chun-Li, anaigizwa na Ming-Na Wen. Watu wote wanamjua kama mwandishi wa habari wa televisheni, anazunguka vitani na kamera. Lakini ana jambo lake moyoni. Anakamatwa, anapelekwa kwenye chumba cha Bison amefungwa mikono, amevishwa gauni jekundu. Bison amevua magwanda, amevaa joho la nyumbani, anajimiminia kinywaji. Chun-Li anamsimulia. Anamwambia: miaka ishirini iliyopita hukuwa hata umejipandisha kuwa jenerali, ulikuwa muuza madawa tu. Ulikuja na watu wako kijijini kwetu. Baba yangu alikuwa hakimu wa kijiji, akakusanya wakulima wachache, wakawafukuza kwa majembe na uma za shambani. Wewe ukiwa unakimbia ukaamuru apigwe risasi, kwa mbali.

Katika sali yetu ya Goma, mfasiri alifika hapa akafanya hivi. Chun-Li anaongea kwa uchungu, machozi yanamlengalenga, na mfasiri anasema, "Anamuambia Bison, mahari yangu ni ng'ombe kumi, nane umekwisha kuleta, mbili ziko wapi?" Bison anajibu, na mfasiri anasema, "Bison anamuambia, moja ilikufa njiani." Sali inaanguka kwa kicheko. Mara Chun-Li anakata kamba anaanza kumpiga Bison, na mfasiri anapaaza sauti, "Binti anataka ng'ombe wake!" Miaka yote hiyo mimi nilijua Chun-Li anapigania mahari.

Sasa watoto wamekaa, mvua inapiga kwenye paa, filamu ni ya Kifaransa vilevile, na Kifaransa changu kimekua. Nikasikia habari ya kijiji. Nikasikia habari ya baba. Nikashika goti la mtoto bila kujua. Halafu Bison akajibu. Kwanza anaomba samahani. Anasema hakumbuki, hakumbuki hata kidogo. Msichana haamini masikio yake. Naye Bison anamweleza taratibu, gilasi mkononi, kwamba kwa msichana siku ile Bison alipofika kijijini ilikuwa siku kubwa kuliko zote za maisha yake. Lakini kwake yeye Bison ilikuwa Jumanne.

Basi. Jumanne tu.

Nikamwambia yule kijana asimamishe. Watoto wakalalamika. Nyuma yangu mama akauliza, "Ule mwenye kuvaa joho anasema nini?"

Mama hajui Kifaransa. Sikujibu mara moja, na wasomaji mtaniwia radhi, inabidi niwaeleze kwa nini.

Mwaka 1996 tulikuwa bado kijijini, Masisi. Mimi nilikuwa na miaka minane. Walikuja watu siku ya Ijumaa, mama anajua ni Ijumaa kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya soko na alikuwa amekwisha kufunga mzigo wa vitunguu. Wengine walibaki nje na papa. Mmoja aliingia ndani, akaona sufuria motoni, akachota maharagwe akaonja. Akamuuliza mama, "Chumvi iko wapi?" Mama akamuonyesha. Akatia chumvi, akala amesimama mlangoni, mpaka wenzake walipomwita. Papa hakuingia tena ndani. Zaidi ya hapo sitaandika, wakubwa mnajua na wadogo hawana haja ya kujua.

Sasa mwaka 2009, mimi na mama tulikuwa tunatoka Gisenyi kumuangalia shangazi aliyekuwa mgonjwa. Tumepanga foleni Grande Barrière, upande wa Gisenyi, jua kali, foleni ndefu. Nyuma yetu kuna mwanaume wa makamo, shati safi, mtoto mdogo amemlalia begani. Karatasi ya mama ikaanguka. Yule mtu akainama na mtoto wake vilevile, akaiokota, akampa. "Mama, karatasi yako," akasema. Halafu kwa kuwa kulikuwa na dirisha lingine linafunguliwa karibu yake, akasogea pembeni, akasema, "Pita tu mama, mimi sina haraka."

Mama akapita. Aligongewa muhuri, akatembea, tukavuka kile kipande cha katikati, tukagongewa tena upande wa Goma. Hakusema neno. Tulipofika kwenye kona ya kupanda mjini akakaa juu ya jiwe. Miguu ilikuwa inatetemeka mpaka kitenge chake kinatikisika. Nikadhani ni jua.

"Ni yeye," akasema.

"Nani?"

"Wa chumvi."

Nikageuka kutaka kurudi. Nilikuwa na miaka 21, nafikiri ningefanya upumbavu. Mama akanishika shati. "Unaenda kumuambia nini? Iko na mutoto." Halafu, baada ya muda, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu pesa zikakosa kutimia, "Hakunijua. Aliniangalia kwa macho, na hakunijua."

Mimi sijui kama kweli alikuwa yeye. Ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu, na sauti zinafanana. Mama hana shaka. Jambo hilo hatukulizungumza tena, si siku ile wala 2012 tulipopita palepale na mizigo.

Kwa hiyo siku ya mvua, mama aliponiuliza Bison anasema nini, ningeweza kumtilia ng'ombe kama mfasiri wetu. Nilifikiria. Na hapo ndipo nilipomuelewa yule kijana wa maikrofoni. Zamani ningesema hakuelewa Kifaransa, lakini alikuwa amemaliza sekondari, alikuwa anakijua vizuri. Mbele yake mabenchi yalikuwa yamejaa watoto waliotoka Masisi, Rutshuru na Walikale, nusu yetu bila baba. Nyuma yetu walikaa watu wenye bunduki katikati ya magoti, na hakuna aliyejua kila mmoja alikuwa wapi mwaka fulani, siku fulani. Ungemtaka aseme nini kwenye maikrofoni? Alichukua sekunde moja akatafuta ng'ombe. Naona sasa alikuwa na akili kuliko tulivyodhani, na pengine alikuwa anaogopa kuliko sisi wote.

Nikamgeukia mama, nikamtafsiria neno kwa neno. Msichana alichosema kuhusu baba yake. Bison alichojibu. Jumanne.

Watoto walikuwa wametulia, hawakuelewa kwa nini bibi yao anaambiwa filamu kwa sauti ya msibani. Mama alitazama ile picha iliyosimama kwenye kioo, Bison na gilasi yake. Alikaa kimya, mpaka mimi nikajuta.

"Ni kweli," akasema. "Ni vile biko." Kisha: "Siye ilikuwa Ijumaa."

"Ndiyo mama."

"Na ule binti, alimujibu nini?"

Nikamwambia hakumjibu kitu. Alikata kamba akaanza kumpiga.

"Acha nione," akasema mama.

Kijana akaachia filamu iendelee. Chun-Li akampiga Bison teke la kifua, akampiga tena, akamrusha juu ya meza. Kwa kweli anampiga vizuri, ni pigano zuri kuliko yote ya filamu nzima, ila ni fupi, kwa sababu rafiki zake wanavunja mlango kuja kumsaidia na katika fujo hiyo Bison anaponyoka. Kazi ya kummaliza wamempa Van Damme, huko mwishoni. Nikiwa mtoto nilishangilia. Sasa naona walimdhulumu yule msichana, na mtoto wangu wa kwanza, ambaye ni wa kike, aliniambia hivyo kabla sijafungua mdomo.

Mama alisogea mbele kwenye ukingo wa kitanda. Mwanzo nilidhani anataka kushuka.

"Rudisha kidogo," akamwambia kijana.

"Wapi, bibi? Pa Jumanne?"

"Hapana. Pale anapigwa."

Akarudisha. Watoto wakaanza kushangilia, na mama akawa anapiga magoti yake kwa kiganja kila teke linapoingia. Tulirudisha mara nne. Mara ya tano betri ikaisha, kioo kikawa cheusi, na kijana akasema ataenda kuichaji kesho, maana mwisho hatukuwa tumeuona.